Mistari Thelathini na Tisa

Pedra Rasa, 9 Machi 2015

Mwalimu Anselmo, shikamoo.

Najua utashangaa kuuona mwandiko wangu, huu uliozoea kusema kwamba kuku kakanyaga wino. Anwani nimepewa na dada yako Corália kwa simu, baada ya kuniuliza mara tatu nataka nini. Ameniambia huna barua pepe, huna simu, na ukiiona kompyuta ya jirani unavuka barabara. Basi naandika kwa kalamu.

Sisi tupo. Ofisi imehamia ghorofa ya pili, juu ya duka la viatu. Ving'ora vya mvua bado viko kwenye vilima vyote vitano. Mimi sasa ndiye mkuu wa mitambo, na nakaa kwenye meza iliyokuwa yako, ile ya dirishani. Sikuiomba.

Garanhuns kuna baridi bado? Unakula vizuri?

Nina swali moja la kazi. Katika ile Lisp yako, lugha ya kompyuta ya mabano uliyotufundishia sote, jina moja liliweza kuwa jina la namba na papo hapo likawa jina la kazi ambayo mashine huifanya, na hayo mawili yasigombane. Ni kweli, au nakumbuka vibaya? Nauliza kwa sababu naandaa somo la wafanyakazi wapya. Ni kuhusu majina tu. Hakuna haraka.

Naona nimeandika hakuna haraka. Lakini ukiweza kunijibu mapema nitashukuru.

Wako,
Dalva Quirino


Garanhuns, 21 Machi 2015

Dalva mwanangu, marahaba.

Corália alinirushia barua yako mezani akasema, "Haya, kuku wako kaandika." Nimeisoma mara mbili kabla ya kahawa na mara moja baada yake. Miaka karibu miwili, na hakuna hata mmoja wa ofisi aliyewahi kuniandikia. Siwalaumu. Mimi mwenyewe nisingejua nijiandikie nini.

Unakumbuka vizuri. Katika Lisp niliyokulia mimi, kila jina lina vyumba viwili. Kimoja cha kazi, kimoja cha thamani. Jina likikaa mwanzoni mwa mabano, mashine inafungua chumba cha kazi. Likikaa kwingine, inafungua kile cha pili. Ni kama neno manga katika lugha yetu: ni embe, na ni mkono wa shati, na katika miaka yangu sitini na tatu sijaona mtu akitafuna mkono wa shati. Ndugu wengine wa Lisp wana chumba kimoja tu, anayeingia mwisho anamtoa aliyemo. Ziko lugha kali zinazotaka utangaze mapema kwamba jina hili litabeba namba, na ukilibebesha kazi zinakataa hata kuwaka. Na iko Lua, ya wenzetu wa Rio. Hiyo unaijua wewe kuliko mimi, kwa hiyo hapo nanyamaza.

Waambie wapya wako hivyo. Nimefurahi kuulizwa. Hapa naulizwa habari za cherehani tu. Natengeneza cherehani za mtaa mzima, na wenyewe wakinilipa kwa keki Corália anazificha.

Na sasa niseme jambo ambalo hukuliuliza, kwa sababu una adabu. Tarehe 23 ya mwezi wa sita kila mwaka sitoki chumbani. Watu wa hapa huwasha mioto ya Mtakatifu Yohane, watoto wanarusha fataki, mimi nafunga dirisha. Namba yangu ndiyo iliyomuua Genival Tavares. Niliweka kikomo cha mvua juu mno, king'ora kikakaa kimya, kilima kikashuka. Kamati ya uchunguzi ilisema hivyo, na wewe ulikuwepo, ukasikia. Sina la kujitetea.

Nafurahi kwamba meza ile imekwenda kwako. Imepata mtu msafi.

Mwalimu wako,
Anselmo Bittencourt


Pedra Rasa, 2 Aprili 2015

Mwalimu,

Hakuna somo. Hakuna wafanyakazi wapya. Nilikuuliza jambo nililolijua, ili nione kama nitaweza kuendelea na sentensi inayofuata, na sikuweza. Leo nitaiandika.

Haikuwa namba yako.

Ulipotunga mtambo kwa Lisp, uliita kitu kikomo mara mbili. Kikomo kazi, ile hesabu yako ya kupima mvua ya siku tatu na ulaini wa udongo, inayotoa kiwango cha kupigia king'ora. Na kikomo namba, kile kiwango cha jana, cha kuandika kwenye ripoti. Vyumba viwili, kama ulivyosema. Mimi ndiye niliyehamishia kila kitu kwenye Lua. Ile kazi niliihamisha vizuri. Ile namba niliihamisha jioni moja nikiwa na haraka, na sikuweka lile neno dogo la mwanzo linaloiambia mashine kwamba jina hili ni la humu ndani tu, lisitoke nje. Ukiacha neno hilo, jina linakwenda sebuleni kwa wote. Na sebuleni kuna kiti kimoja.

Majaribio yote yalipita, kwa sababu hakuna aliyefungua ukurasa wa ripoti. Mimi niliufungua. Ilikuwa Jumapili, zamu yangu, mkesha wa Mtakatifu Yohane, saa tano asubuhi. Nilichapa ripoti ya siku, nikaiacha mezani, nikaenda kwa mama yangu kumsaidia kukoroga uji wa mahindi. Tangu dakika ile kikomo kilikuwa namba tisini. Kila baada ya dakika tano mashine iliita kikomo ili kifanye hesabu, ikakuta namba. Ikalalamika kwamba namba haiitwi kama kazi. Ila mimi nilikuwa nimeiziba mdomo, Mwalimu. Unakumbuka wiki ile ya wageni wa manispaa? Nilifunga malalamiko yote yaende kwenye faili ya makosa, ili skrini isijae maandishi mekundu mbele yao.

Kilima kilishuka saa nane na robo. Siku ya tatu nilifungua faili ile. Mistari thelathini na tisa, yote neno kwa neno sawa, kuanzia saa tano hadi kilima kiliposhuka, kisha mingine mpaka umeme ulipokatika. Niliielewa yote kabla sijamaliza mstari wa kwanza. Nikaifuta. Nikaliongeza lile neno. Dakika nne hivi, zote pamoja.

Kamati iliponiuliza kiwango kilikuwa ngapi mchana ule, nilisema, "Kilitokana na hesabu za Mwalimu, na mvua haikuwa imekifikia." Ulikuwa umekaa kulia kwangu. Ulitikisa kichwa kukubali. Kisha ukanisogezea sukari ya kahawa.

Nimenyamaza siku zote hizo, na ningeendelea. Sitaki udhani nimekuwa mwema. Ila mwezi wa pili alikuja ofisini mama mmoja na mwavuli uliovunjika. "Namtafuta yule mzee wa hesabu," akasema. Nikamwambia umehama. Akasema, "Basi mfikishie. Mimi ni Edileuza, mke wa Genival. Nimemsamehe." Nikampa kahawa. Akainywa yote, akanishukuru, akaondoka.

Kuna jambo jingine na ndilo baya zaidi. Kwa kuwa kamati iliilaumu namba yako, waliishusha kwenye vilima vyote. Sasa ving'ora vinalia hata kwa manyunyu. Watu wamechoka kukimbia bure. Kilima cha Rolinhas wameshakata waya wa king'ora. Mvua za mwezi wa sita zinakuja, na mimi ndiye mkuu wa mitambo.

Sijui niombe nini. Sithubutu kuandika "wako".

Dalva


Garanhuns, 14 Aprili 2015

Kwa Dalva Quirino.

Mimi ni Corália, dada yake. Yeye hajui kama naandika.

Barua yako ilifika Jumatano. Aliisoma amesimama. Akaniomba penseli na karatasi, na lile boksi la makaratasi ya kazi ambalo mwenyewe alinikataza kulifungua. Amejifungia nalo. Siku mbili za kwanza hakula. Namgongea, "Anselmo, supu." Ananijibu namba! Nikamwambia, "Sikukuuliza namba, nimekuuliza supu."

Barua nimeisoma. Ndiyo, nimeisoma, mimi si malaika.

Miaka miwili nimemlisha ndugu yangu kwa kijiko kama mgonjwa. Mtu aliyekuwa akipiga akodioni kila sikukuu, akodioni yenyewe kaigawa. Majirani wakisema "mzee mpole kweli huyu", mimi ndiye ninayejua kwamba si upole, ni hofu ya kusema neno lolote mbele ya watu. Na wewe ulikuwa unalo jibu mfukoni wakati wote, unapandishwa cheo.

Ulipopiga simu nilikuuliza unataka nini. Ungeniambia ukweli ningekata simu, na labda hiyo ndiyo sababu hukuniambia.

Akijibu, atajibu. Asipojibu, usipige hapa.

Corália Bittencourt


Garanhuns, 19 Aprili 2015

Dalva,

Nimepiga hesabu upya kwa mkono. Nilikuwa na vipimo vya mvua vya siku zile, karatasi zenyewe, zilikuwa boksini muda wote. Kama kikomo kingebaki kazi, king'ora kingelia saa saba na dakika ishirini. Dakika hamsini na tano kabla. Genival angekuwa ameshashuka barabarani, salama, amebeba kiti chake na redio yake. Nimeirudia mara sita, kwa sababu mara ya kwanza nilitaka iwe hivyo, na sikuiamini.

Nilikukasirikia sana. Bado. Niliandika barua nne nikazichana. Moja ilikuwa na maneno ambayo mama yangu angenipigia kofi. Umeninyang'anya miaka miwili, na sina mingi. Hilo liko hivyo.

Lakini nimekaa na boksi hili, na ndani yake nimekuta karatasi ambayo wewe huijui, au umeisahau. Ni fomu ya ukaguzi, ya mwezi wa tano 2013. Inasema: msimbo mpya wa kompyuta umesomwa wote na kuhakikiwa. Chini yake kuna sahihi yangu.

Sikuusoma. Dalva, sikuijua Lua. Sikuwahi kuijua. Ulipokuwa ukinionyesha kwenye skrini nikisema "aha, ndiyo, vizuri", nilikuwa natazama rangi. Nilikuwa na miaka sitini na moja, nimewafundisha watu arobaini mjini humo, na niliona haya kumwambia mwanafunzi wangu, "Hebu nifundishe." Ningeuliza swali moja tu, la mtoto: huku majina yana vyumba vingapi? Ungenijibu moja, na mimi ningeruka kwenye kiti, kwa sababu nilijua nimeita kikomo mara mbili. Hakuna mjini aliyelijua hilo kuliko mimi.

Kwa hiyo nilipotikisa kichwa mbele ya kamati, sikuwa nakubali habari ya namba. Nilikuwa naogopa wataiuliza fomu ile. Nilikubali kosa ambalo si langu ili lile langu lisionekane. Watu wakaniona muungwana. Mmoja alinishika bega mlangoni.

Usitufanye tuwe sawa. Mimi nilisaini bila kusoma; wewe ulisoma, ukafuta. Najua tofauti yake, na wewe pia.

Kisha kuniandikia mimi hakutoshi. Mimi si kamati, wala si mke wa Genival. Nenda kwa wote wawili. Anza na yeye, asije akalisikia redioni. Nakuwekea humu fomu yangu, ile halisi, na hesabu zangu zote. Wape kamati vyote viwili. Na umwambie yule mama kuhusu sahihi. Mwambie mimi nimesema umwambie.

Kabla mvua haijaanza, Dalva.

Anselmo


Pedra Rasa, 11 Mei 2015

Mwalimu,

Nimekwenda.

Nyumba ya Edileuza ilisombwa, kwa hiyo anakaa kwa shemeji yake, palepale Rolinhas, ngazi sitini juu ya barabara. Nilimkuta anaanua nguo. Nikataja jina langu. Akasema, "Wewe ndiye uliyenipa kahawa." Nikasema ndiyo. Akasema, "Ilikuwa na sukari nyingi," akaendelea na nguo zake.

Nilikuwa nimejiandaa. Nilianza na vyumba, na majina, na lile neno dogo. Aliniacha niseme kama dakika mbili.

"Binti, usinifundishe kompyuta," akasema. "Mimi nakuuliza, unanijibu. Siku ya tatu uliiona hiyo mistari?"

"Niliiona, mama."

"Siku ya tatu mimi nilikuwa nazika."

"Ndiyo."

"Ukafuta."

"Nikafuta."

"Kisha nikaja nikakwambia nimemsamehe mzee wa watu. Ukanichotea kahawa."

Nikamweleza habari ya sahihi yako, kama ulivyoagiza, na hata hapo niliona aibu, kwa sababu nilijisikia nafuu kuwa na kosa la mtu mwingine mkononi. Alisikiliza. Akakunja shuka peke yake, ile kubwa, bila kuniruhusu nishike ncha.

Akasema, "Jumapili baada ya misa utakuja ukumbi wa chama cha mtaa. Utayasema hayohayo. Na usilie. Ukilia watakuonea huruma, na mimi sitaki."

Nilikwenda. Walikuwa kama themanini. Nilisema yote. Nililia kidogo, nikajifanya nakohoa, aliniona. Mwanamume mmoja wa nyuma akapaza sauti, "Kwa hiyo ile hesabu ya zamani ilikuwa sawa, na sisi tumekata waya?" Mwingine akamjibu, "Wewe ndiye uliyekata, usituingize sote!" Watu wakacheka, kisha wakaona wamecheka, wakanyamaza. Kijana wa Genival alitoka nje. Mwishoni yule mama akauliza tu, "Waya unarudishwa lini?"

Jumatatu nilikwenda kwenye kamati na karatasi zako na maelezo yangu, nimeyasaini kila ukurasa. Mwenyekiti alivua miwani akaniuliza kama najua ninachokifanya. Alhamisi nilikabidhi funguo za ofisi. Jalada langu liko kwa mwendesha mashtaka. Mama yangu hazungumzi nami, ila ananiwekea chakula.

Hesabu yako imerudishwa vilima vyote vitano. Wamemwita mtu kutoka Recife aihakiki, mstari kwa mstari. Aliniomba nikae naye siku mbili. Kila mahali palipokuwa na jina, aliniuliza, "Hili ni nini, na linaonekana mpaka wapi?" Nilijibu yote. Nilitamani mtu angeniuliza hivyo mwaka ule, kisha nikakumbuka kwamba ningemchukia.

Dalva


Pedra Rasa, kilima cha Rolinhas, 29 Juni 2015

Kwa Bwana Anselmo Bittencourt.

Mimi ni Edileuza, niliyekuwa mke wa Genival Tavares. Mwandiko wangu si mzuri, nivumilie. Anwani nimepewa na yule Dalva.

Mwezi wa pili nilikuja kukusamehe, na hukuwepo. Ilinichukua muda mrefu kufika pale, Bwana. Nilipanda ngazi za ile ofisi, nikashuka, nikapanda tena. Kumbe nilikuwa nimebeba msamaha wa kosa lisilo lako. Niliona kama nimedanganywa mara mbili.

Lako nimeshaambiwa: ulisaini kitu ambacho hukukisoma. Nimelifikiria hilo wiki nyingi nikiosha vyombo. Mimi nafanya usafi kwenye zahanati, nako tuna karatasi mlangoni ya kusaini kwamba choo kimekaguliwa. Nawajua watu wanaosaini. Mimi mwenyewe nimesaini. Basi hilo nimekusamehe, na safari hii ni lako kweli.

La Dalva bado. Nimemwambia asiniulize, na haulizi. Kijana wangu hataki hata kulisikia jina lake, na mimi simlazimishi.

Nakuandikia kwa sababu Ijumaa king'ora kililia, saa tisa alasiri. Mara ya kwanza tangu hesabu yako irudi. Watu walisimama milangoni wakitazamana, maana wamezoea kudharau. Mimi nilitoka na sufuria nikaipiga kwa mwiko mpaka shemeji akaniambia nimerukwa na akili. Wakaanza kushuka. Walishuka wote, hata mzee Otoniel ambaye tangu mwaka jana alikuwa anasema atafia kitandani kwake.

Tulikaa ukumbini mpaka saa kumi na mbili. Kilima hakikuanguka. Udongo kidogo ulimwagika nyuma ya nyumba mbili, si zaidi. Watu walinung'unika kwamba mahindi yao yameungua jikoni na nguo zao zimelowa kambani. Niliwaacha wanung'unike.

Dalva alikuwa pale mlangoni. Hakuna aliyemwita. Alikuwa na daftari, amelowa chapachapa, anaandika kila anayeingia, nyumba kwa nyumba. Tulipomaliza kuingia akaja nilipokaa. Akasema, "Mia moja kumi na wanne, mama. Wote wametimia."

Nikamwambia ahesabu tena.

Akaenda akahesabu tena.

Edileuza Tavares